Mishono Mia na Minane

Kabla ya maskauti na bunduki zao za kupima kasi,
mdakaji wake nilikuwa mimi,
dada mtu, miaka kumi na moja,
nyuma ya jengo letu pale Cedar Rapids,
mkononi glavu ya Baba ya theluji
niliyoishindilia soksi.
Kiwanda cha shayiri kilikuwa kinakaanga,
mji mzima unanukia uji ambao hatukuupika.

Asukulu alichora mraba wa chaki ukutani
kati ya bomba la gesi na dirisha la Bi Marvella.
Akasema: ukikosa, dirisha.
Sikukosa.
Ila Jumamosi moja mpira ulikuja umenyooka,
halafu ukabadili nia njiani,
ukanivunja kidole cha shahada.
Nikamwambia Mama ni mlango.
Mama aliutazama mlango ule siku tatu,
hakusema neno.

Siku ya nne aliuokota mpira chini ya kitanda.
Nyarugusu alikuwa fundi cherehani,
hapa anakata nyama zamu ya usiku.
Akaugeuza kwenye taa, akahesabu kwa ukucha,
mia na minane.
"Aliyeshona hivi," akasema, "alikuwa na njaa au na mapenzi."
Palipofumuka akapashona upya kwa uzi mweusi.

Kocha Kouba alikuwa na kikohozi na mfuko wa peremende.
Alimfundisha kuushika mpira kwa mishono, si kwa hasira.
Sekondari, mwaka wa pili, akapandishwa kichuguuni,
kile kilima kidogo cha udongo katikati ya majani,
na watoto wa wakulima wa mahindi, mabega kama milango,
walipunga magongo yao hewani
wakarudi benchi taratibu
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Baba alikuja mara moja, na koti la kanisani.
Saa iko wapi? akauliza.
Haipo, Baba. Mchezo huu unaisha ukiisha.
Akacheka hadi akafuta macho:
"Basi tunaujua. Kambini tuliucheza miaka kumi na tatu."

Maili tisini.
Tisini na mbili.
Wanaume wa kofia wakaandika bila kuinua vichwa.
Julai simu ikalia, raundi ya kumi na saba.
Fedha zilitosha jino la Mama na gari kuukuu,
na Asukulu akalala sakafuni chumbani kwangu usiku ule
kama tulivyolala zamani,
akaniuliza kama bega linaweza kuchoka lenyewe, bila sababu.
Nilijifanya nimelala.

Ligi ndogo ni ndogo kweli.
Saa tisa kwenye basi hadi mji wa Tennessee
wenye taa mbili za barabarani.
Anakaa chini ya nyumba ya mjane mmoja na paka wake,
chakula mkate na siagi ya karanga,
na mtangazaji, kila usiku, anamwita Asuluku.
Hamsahihishi. Nilimgombeza kwa hilo.
Akasema: nikishinda, watajifunza.
Sijui. Wako wanaoshinda na majina yao yakabaki yamevunjika.

Leo ni mara yake ya kwanza kuanza mchezo.
Niko chumba cha kufulia, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi,
simu nimeiegemeza kwenye rundo la mashuka.
Watatu wa kwanza amewapa njia ya bure, wote watatu.
Vituo vimejaa. Kocha ameshatoka, amesema nao maneno mawili, amerudi.
Asukulu anaupangusa mpira kwenye paja,
anatafuta mshono.
Anainua mguu.

Picha imeganda.

Mkono juu, uso nusu, nyuma yake
tangazo la duka la matairi.
Duara dogo linazunguka, linazunguka.
Mashine ya kukausha inapiga kengele, siendi.
Kidole changu, kile kilichopona kimepinda,
kimeanza kuuma
upande ule ule.